GARI LIKIGOMA, LIULIZWE MADAI YAKE



Wafanyakazi wakigoma, hata tajiri aliye mgumu kama jiwe hufika mahali akauliza, "Watu hawa wanataka nini?" Lakini gari la kazi likigoma asubuhi halipewi heshima hiyo. Haliulizwi neno. Anayeulizwa ni dereva. Aliendesha vipi? Aliacha taa usiku? Aliuza betri nzuri akatia kuukuu? Kisha gari lapelekwa gereji, na huko, mbele ya macho ya fundi na meneja, linawaka kwa mara ya kwanza. Basi hukumu imekwisha kutolewa: gari halina ubaya, mwenye ubaya ni dereva.

Mimi nasema hukumu hiyo ni ya uongo. Naandika haya ili kila mwanachama ajue kwa nini ni ya uongo, na ajue njia ya kuonyesha hivyo kwa hesabu, si kwa kelele. Kazi yangu ni ya reli, upande wa umeme. Lakini magenge ya njia hubebwa kwa malori na pikapu, na gari likikataa kuwaka, genge zima hukaa chini ya mti huku saa zao zikihesabiwa. Kwa hiyo neno hili si la madereva peke yao. Ni letu sote.

UGONJWA UJAO NA KWENDA

Makosa ya umeme katika gari ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni lile lililokufa kabisa: gari halikuwaka jana, halikuwaka leo, halitawaka kesho. Hilo ni rahisi, maana lakaa mahali pamoja likikungoja. Namna ya pili ni lile lijalo na kwenda. Gari lawaka mara kumi, la kumi na moja lakataa. Wakati mwingine lakataa likiwa na joto, wakati mwingine baada ya mvua, wakati mwingine Jumatatu tu.

Ugonjwa huu ni kama malaria. Homa humshika mtu usiku, na mchana amepoa. Je, akifika zahanati mchana, daktari humwambia, "Huna joto, wewe ni mwongo, rudi kazini"? Hasemi hivyo. Humtoa damu akaipima. Lakini gari likifika gereji likiwa limepoa, ofisi huandika "halina kosa", na hapo hapo huandika barua ya kumtaka dereva ajieleze. Hawakupima damu. Walitazama mgonjwa kwa mbali tu, wakamfunga aliyemleta.

Sisi watu wa reli tumefundishwa vingine. Mitambo ya ishara ya njia imetengenezwa hivi kwamba waya ukikatika, ishara huonyesha nyekundu, na garimoshi husimama. Hakuna msimamizi wa ishara anayesema, "Sasa hivi ni kijani, basi ile nyekundu ya asubuhi ilikuwa ndoto." Nyekundu ya asubuhi huandikwa katika daftari pamoja na saa yake, na mtu hutumwa kuifuata mpaka aikute. Ikiwa twafanya hivyo kwa taa ya ishara, kwa nini tusifanye hivyo kwa gari ambalo mkate wa mtu watundikwa juu yake?

KWA NINI TAA HUWAKA NA INJINI IKATAE

Neno linalowaponza madereva wengi ni hili. Meneja akaja, akawasha taa za mbele, zikawaka vizuri. Akapiga honi, ikalia. Akasema, "Moto upo, betri nzima. Huyu hataki kazi." Wasiojua huona ametoa hoja kubwa. Kumbe hajatoa hoja yoyote.

Mjerumani mmoja jina lake Georg Ohm aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1827, na tangu hapo haijapinduliwa. Umeme ukipita mahali penye ukinzani, sehemu ya nguvu yake hupotea hapo. Volti zinazopotea ni sawa na ampea zinazopita mara omu za ukinzani. Sasa tufanye hesabu kama tulivyofanya shuleni.

Tuseme kichwa cha betri kimelegea kidogo, au kimeota unga mweupe na kijani, na hapo pana ukinzani wa omu 0.02. Ni kidogo mno, jicho halioni. Taa mbili za mbele za wati 60 kila moja hula ampea 10 katika gari la volti 12. Kumi mara 0.02 ni volti 0.2. Zimepotea volti 0.2 tu, na taa huwaka kama kawaida. Lakini stata ya gari dogo la petroli hula ampea 100 hadi 200, na ya dizeli hula zaidi. Chukua 150. Mia na hamsini mara 0.02 ni volti 3. Volti 3 nzima zimeliwa mahali pamoja penye uchafu! Betri nayo ikibebeshwa mzigo hushuka, tuseme mpaka 10.5. Toa 3, stata imebaki na 7.5. Haina nguvu ya kuzungusha injini. Hulia "tak", ikanyamaza.

Hapo ndipo taa huwaka na injini ikakataa. Dereva hakusema uongo, na taa hazikusema uongo. Aliyekosa ni yule aliyepima mzigo wa mtu mzima kwa kumtwika mtoto.

Na kwa nini kesho yake gari huwaka? Kwa sababu mahali palipolegea hutikisika. Barabara mbaya husogeza kichwa cha betri kwa unene wa unywele, chuma kikagusa chuma, ukinzani ukaondoka. Kufungua boneti tu na kushikashika nyaya kwaweza kurudisha moto. Kisha gari lafika gereji likiwa zima kama kijana, na dereva aonekana mpumbavu.

HOJA YA BETRI MPYA

Kuna fundi wa namna moja ambaye namchukia kwa haki. Huyo hapimi. Akiona gari haliwaki, husema "betri". Likikataa tena, husema "stata". Kisha "alteneta". Kisha "ufunguo". Akifika mwisho husema "kompyuta", maana hapo hakuna atakayemwuliza zaidi. Kila mara kitu kizima kimetolewa na kitu kipya kimetiwa, na hesabu yapelekwa kwa tajiri, na tajiri aipeleka kwa dereva.

Fundi huyo atakujibu, "Lakini nilipofunga betri mpya gari liliwaka. Si ushahidi huo?" Si ushahidi hata kidogo. Alipofunga betri mpya alifanya mambo mawili. Alibadili betri, na pia alivilegeza vichwa, akavifuta, akavikaza upya. Ni lipi kati ya hayo mawili lililoponya gari? Hajui, maana hakupima kabla wala baada. Tena betri mpya ina nguvu nyingi. Yaweza kuushinda ukinzani kwa majuma machache, halafu ugonjwa ukarudi. Ndipo utasikia, "Dereva huyu amemaliza betri ya pili." Hakumaliza betri. Betri zote mbili zilikuwa nzima, na ya kwanza labda yawasha gari la mtu mwingine sasa hivi.

JINSI YA KULIHOJI GARI

Ndugu zangu, kuhoji gari ni kazi ya utaratibu. Si uchawi, na haihitaji mtu wa chuo kikuu. Yahitaji masikio, macho, kitambaa, spana, na mita moja ya umeme ambayo bei yake haifiki bei ya betri moja.

Kabla ya yote, usalama. Tia gia huru na ukaze breki ya mkono. Usivute sigara karibu na betri, maana hutoa hewa inayolipuka. Ukifungua nyaya, anza na ule wa alama ya kutoa. Ukifunga, huo uwe wa mwisho. Na mtu asiguse stata kwa bisibisi kujaribu kuizungusha wakati mwingine yuko chini ya gari. Ikiwa gari liko katika gia litampanda.

Kwanza, msikilize dereva. Yeye ndiye aliyekuwapo. Muulize ilikuwa saa ngapi, injini ilikuwa baridi au moto, mvua ilinyesha au gari lilioshwa, lilikuwa limelala siku ngapi, lilitoka katika barabara gani. Andika majibu yote. Asubuhi ya baridi Limuru au Timboroa, betri hupungua nguvu na oili huwa nzito. Betri dhaifu hukamatwa hapo. Joto la Mombasa nalo huifupisha maisha ya betri, ijapokuwa huwasha vizuri mpaka siku ya mwisho. Gari linalokataa likiwa moto tu, kisha likipoa likawaka, lakuambia utazame stata yenyewe; au ikiwa stata yazunguka lakini injini haishiki, utazame kipima mzunguko wa injini au rilei ya pampu ya mafuta.

Pili, sikiliza sauti. Ukigeuza ufunguo, gari husema mojawapo ya maneno manne. Likisema "tak" mara moja na kunyamaza, solenoidi imevuta lakini moto mkubwa haupiti: tazama nyaya nene, athi, na stata. Likisema "tak-tak-tak-tak" upesi upesi, betri imechoka au kichwa chake kimelegea. Likiwa kimya kabisa, moto mdogo wa kuamrisha haufiki: tazama ufunguo, fyuzi, rilei, swichi ya klachi au ya gia huru, na katika magari ya siku hizi taa ya ufunguo inayozuia wezi. Stata ikizunguka kwa mlio mwembamba na injini isizunguke, meno hayashiki.

Tatu, pima betri. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 robo tu. Wakati stata inazungusha, isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, isipopanda hivyo, alteneta au mkanda wake haurudishi moto. Lori la volti 24 lina betri mbili zilizofuatana, kwa hiyo hesabu zote hizo ziongezwe mara mbili.

Nne, na hili ndilo wengi hawalifanyi, pima volti zinazopotea njiani. Weka ncha moja ya mita juu ya risasi yenyewe ya kichwa cha betri cha alama ya kujumlisha, si juu ya kibanio. Ncha ya pili iweke juu ya nati ya stata pafungwapo waya mnene. Mwambie mwenzako ageuze ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya huo au viungo vyake ni wezi. Fanya vivyo hivyo upande wa kutoa: ncha moja juu ya risasi ya betri, nyingine juu ya chuma kitupu cha injini. Hapo isizidi 0.2 au 0.3. Jambo la maana: pima wakati stata inavuta. Gari likilala halina wizi wa kupimwa, kama vile kibarua asiyepewa mzigo hujui kama mgongo wake waumwa.

Tano, ikiwa gari lakataa Jumatatu tu, tafuta kinachokunywa moto usiku. Zima kila kitu, funga milango, ngoja nusu saa hata saa nzima mpaka vyombo vyote vilale, kisha pitisha umeme wa betri ndani ya mita na usome ampea. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, maana itaungua. Gari la kawaida hunywa miliampea 50 au pungufu. Tuseme umekuta 500, nusu ampea. Tangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Nusu mara 60 ni 30. Betri ya ampea-saa 60 imenyweshwa nusu yake na hakuna mtu aliyeligusa gari! Toa fyuzi moja moja, na ile ambayo ikitoka mita hushuka, ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi utakuta redio, king'ora, au chombo cha kumfuatilia dereva, kilichofungwa ovyo na mtu aliyeharakishwa. Tafakarini jambo hilo. Chombo kilichotiwa ili kumlinda tajiri na wizi wa dereva ndicho kinachoiba betri, na dereva ndiye anayelipa.

Sita, kwa magari yenye kompyuta, kuna mashine ya kusoma makosa. Ni nzuri, lakini isomwe kwa akili. Namba P0562 yasema tu kwamba umeme wa gari ni mdogo. P0335 yasema kuna shida katika njia ya kipima mzunguko wa injini. Haisemi "nunua hiki". Yakuambia ni mtaa gani wenye kilio. Nyumba ni wewe kuitafuta, na waya uliokatika ni nyumba ya kwanza kubisha hodi.

TAA NDOGO ILIYOMTETEA MTU

Ugonjwa ujao na kwenda hukamatwa kwa kuutegea, kama mtu ategavyo panya. Nitaeleza lililotokea katika kazi moja niijuayo, bila kutaja kazi hiyo wala mtu.

Pikapu ya genge ilikuwa ikikataa kuwaka mara mbili au tatu kwa juma, kila mara baada ya kupita njia mbaya kando ya reli. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye watoto shuleni. Betri mbili zilinunuliwa kwa mfululizo, na zote mbili zikakatwa katika mshahara wake. Kisha akaandikiwa barua: ajieleze kwa nini asifukuzwe kwa kuharibu mali ya kazi na kuchelewesha genge. Gereji ilikuwa imeandika mara tatu, "Gari linawaka. Halina kosa."

Tulichukua balbu ndogo na nyaya mbili ndefu. Waya mmoja tukaufunga kwenye ule waya mwembamba unaoiamrisha solenoidi ya stata, wa pili kwenye kichwa cha betri cha alama ya kutoa, na balbu tukaitundika mbele ya dereva. Tukamwambia: gari likikataa, usisukume, usishikeshike kitu. Tazama balbu. Ikiwa imezima, kosa liko nyuma, upande wa ufunguo. Ikiwa imewaka na injini haizunguki, kosa liko mbele, upande wa stata na nyaya nene. Andika, kisha tuite.

Siku ya tatu lilikataa. Balbu iliwaka. Tukafika na mita kabla ya mtu kugusa gari. Kati ya risasi ya betri na chuma cha injini, ufunguo ukigeuzwa, zilipotea volti 2.8. Tukatazama chini. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi moto. Kwa hiyo pana mshipi wa nyaya uliofumwa unaounganisha injini na fremu. Mshipi huo ulikuwa umekatika nyuzi zake karibu zote. Zilizobaki chache zilikuwa zikigusana na kuachana. Na ushahidi wa pili ulikuwapo tangu zamani: waya wa akselereta ulikuwa umeungua ganda lake la plastiki. Kwa nini? Kwa sababu moto wa stata ulipokosa njia yake ulirudi kwa kupitia waya ule mwembamba wa kuongezea mafuta, ukaupasha kama waya wa jiko. Mafundi watatu waliona ganda lile limeungua, wala hawakuuliza.

Mshipi mpya ulifungwa kwa dakika ishirini. Tukapima tena: 0.1. Gari halijagoma tangu siku hiyo. Barua ya kumshtaki dereva iliondolewa, baada ya mwakilishi wetu kuweka zile hesabu mbili mezani, 2.8 na 0.1. Lakini hadi naandika haya, fedha za zile betri mbili hazijarudishwa. Wasema jambo hilo "laangaliwa". Kukata hawakuangalia, walikata siku ile ile.

SHERIA YASEMA NINI

Msidhani kwamba haki hii ni ya kuombwa kwa kupiga magoti. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea ikiwa ni kwa kosa la kusudi la mfanyakazi, na kiasi chenyewe kiwe cha haki. Neno ni kusudi. Je, mshipi wa athi uliochakaa kwa kutikisika ni kusudi la nani? Betri iliyonyweshwa na king'ora ni kusudi la nani?

Na kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, tajiri amweleze sababu kwa lugha aifahamuyo, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali hapo, na wasikilizwe. Mwakilishi akiingia mle na maneno matupu, atatoka na maneno matupu. Akiingia na karatasi yenye tarehe, saa na volti, hapo meneja atatafuta miwani yake.

MANENO YAO NA MAJIBU YETU

Watasema, "Baadhi ya madereva kweli huacha taa zikiwaka." Ni kweli, wako. Nasi hatuwatetei wazembe. Lakini hilo nalo hupimika. Betri iliyomalizwa kwa taa, ukiijaza vizuri na kuona alteneta yafanya kazi, kwa kawaida gari halitakataa tena kesho kutwa. Likikataa tena na betri imejaa, basi kosa si taa. Hata mwenye kosa ahukumiwe kwa ushahidi, ili asiye na kosa asihukumiwe pamoja naye.

Watasema, "Kazi haiwezi kungoja vipimo." Vipimo vyote nilivyotaja, toa ule wa kungoja vyombo vilale, havifiki nusu saa. Genge la pikapu ile lilipoteza asubuhi ngapi kwa kutopima?

Watasema, "Huyo ni mtu wa reli, anajua nini juu ya magari?" Umeme hauulizi kama waya umefungwa kwenye behewa au kwenye pikapu. Inji nyingi za dizeli za mtindo wa Kimarekani zina betri za seli 32, volti 64, na ugonjwa wake wa vichwa vichafu ni ule ule wa gari la seli sita.

Na sisi wenyewe je? Hapa nasema na madereva na matanboi. Mwaficha ugonjwa wa gari. Likikataa mwalisukuma, likishika mwaenda, jioni hamwandiki neno. Mwafikiri mmeisaidia kazi, kumbe mmefuta ushahidi wenu. Siku barua itakapokuja, mtasema "lilikuwa likigoma tangu zamani", nao watauliza, "Iko wapi karatasi?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa mshahara wako.

TUNALOTAKA

Kwa hiyo nawaomba wanachama walete maneno haya katika mkutano wa tawi, yawe madai ya chama. Kila gari la kazi liwe na daftari, na kila kukataa kuandikwe pamoja na saa, hali ya injini na sauti iliyosikika, dereva na msimamizi wote wawili watie sahihi. Kila karakana iwe na mita moja na mtu aliyefundishwa kuitumia. Maneno "halina kosa" yasiandikwe tena. Mahali pake ziandikwe volti za betri ikipumzika, ikizungusha, na injini ikiwaka, pamoja na volti zilizopotea njia zote mbili. Pasikatwe hata senti ya betri, stata wala alteneta kabla hesabu hizo hazijaonyeshwa kwa mwenye kukatwa na mwakilishi wake. Na fedha zilizokatwa bila vipimo zirudishwe.

Kama tajiri ana uhakika kwamba dereva ndiye mwenye kosa, ataogopa nini mita? Mita haina chama, haina kabila, haijui cheo cha mtu. Huonyesha 2.8 kwa meneja na 2.8 kwa tanboi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na safari hii haki yake imeandikwa kwa tarakimu.

Ndugu yenu katika kazi,
MTU WA RELI